Faida ikibaki, gari la mbio linunuliwe nini kwanza?

Msimu wa biashara ukienda vizuri, swali moja huzuka katika gereji za Kampala. Mwenye gari amefunga hesabu, wadai wamelipwa, mzigo wa mwisho umevuka Malaba bila tatizo, na kiasi fulani cha fedha kimebaki mkononi. Nyuma ya gereji limeegeshwa gari lake la mchezo, pengine Subaru Impreza, pengine Toyota Corolla ya zamani, ambalo hulikimbiza wikendi kwenye njia za vumbi za Garuga au Busiika. Fundi ana jibu tayari: turbo kubwa zaidi. Marafiki wana jibu lao: rimu mpya na rangi. Nyumbani kuna jibu jingine kabisa.

Mbio za magari Uganda ni mchezo ambao dereva wa kawaida hujilipia mwenyewe. Hakuna timu ya kumpa matairi wala kampuni ya kumlipia gari lililopinduka. Kwa sababu hiyo, namna ya kutumia hicho kidogo kilichobaki ni uamuzi mzito kuliko unavyoonekana. Ukifanywa vizuri, dereva anarudi nyumbani mzima na anakuwa na kasi zaidi mwaka hadi mwaka. Ukifanywa vibaya, unaweza kugharimu gari, mtaji, au uhai.

Wazoefu wa mchezo huu, hapa na ng'ambo, wana utaratibu wa matumizi ambao mgeni huudhania umegeuzwa juu chini. Kinga ya mwili huja kwanza, breki na matairi hufuata, kisha saa za kukaa nyuma ya usukani. Nguvu ya injini ndiyo ya mwisho.

Je, ni fedha za ziada kweli?

Kabla ya kufika dukani kuna swali la daftari. Wafanyabiashara wa mipakani wanajua kuwa fedha zilizo mkononi si lazima ziwe faida. Nyingine ni mtaji uliopumzika ukisubiri mzigo unaofuata. Nyingine ni ushuru ambao bado haujalipwa. Nyingine ni karo, kwa maana mwaka wa shule Uganda una mihula mitatu na kila muhula hudai chake mwanzoni.

Kipimo rahisi ni hiki: kama fedha hizo zingeteketea zote Jumapili jioni, je, oda ya Jumatatu ingelipwa? Mwenye bidhaa zilizokwama bandarini Mombasa, au anayesubiri mteja wa Juba amlipe, anajua kuwa wiki moja ya kuchelewa inaweza kumeza akiba yote. Kama jibu ni hapana, au ni "labda", basi fedha hizo bado ni za biashara. Gari lisubiri.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hulisahau. Bima ya kawaida ya gari kwa kawaida haigusi hasara inayotokea katika mashindano. Gari likigonga mti Busiika, mwenye gari ndiye bima. Kwa hiyo bajeti ya mchezo isiyo na fungu la matengenezo ni bajeti ya nusu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na gari la mbio hupoteza mali haraka kuliko duka. Anayefungua daftari la pekee kwa ajili ya gari, mbali kabisa na daftari la duka, ataona mapema iwapo mchezo umeanza kula biashara.

Kinga ya mwili

Mwaka 2009 Uganda ilimpoteza dereva Riyaz Kurji kutokana na ajali katika mashindano ya Pearl of Africa, ambayo ndiyo makubwa zaidi ya mbio za magari nchini. Msiba ule uliwakumbusha wapenzi wa mchezo kuwa hata dereva mahiri, katika gari lililoandaliwa, hana dhamana.

Sayansi ya kinga imeendelea sana katika miaka 40 iliyopita, na sehemu yake kubwa inahusu shingo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Robert Hubbard, profesa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan nchini Marekani, alishirikiana na shemeji yake, dereva Jim Downing, kutengeneza kifaa kinachovaliwa mabegani na kufungwa kwenye kofia ngumu kwa kamba fupi. Kinaitwa HANS. Mkanda humzuia dereva kiwiliwili, lakini kichwa chenye kofia nzito huendelea kwenda mbele gari linaposimama ghafla. HANS huzuia kichwa kisitupwe, na hivyo kulinda shingo na sehemu ya chini ya fuvu.

Kwa miaka mingi madereva wengi walikikataa wakisema kinawabana. Februari 18, 2001, bingwa wa Marekani Dale Earnhardt alifariki katika mzunguko wa mwisho wa mbio za Daytona 500. Hakuwa amevaa kifaa hicho, na aliumia sehemu hiyohiyo ya fuvu ambayo HANS ilitengenezwa kuilinda. Kabla ya mwaka ule kwisha, waandaaji wa mbio zile walilazimisha madereva wote wavae kizuizi cha kichwa. Formula One ilifuata mwaka 2003.

Kwa dereva wa Kampala mwenye fedha za ziada, kinga ina sehemu nne. Ya kwanza ni kofia ngumu ya mbio za magari, si ya bodaboda, iwe inamkaa sawasawa na iwe na sehemu za kufungia HANS. Ya pili ni HANS yenyewe. Ya tatu ni kiti cha mbio na mikanda yake. Ya nne ni kizimba cha vyuma ndani ya gari, pamoja na kizima moto kilichofungwa kwa mikanda ya chuma mahali ambapo dereva anakifikia akiwa amejifunga.

Hapa mazoea ya kununua mitumba yanaweza kuua. Kofia iliyowahi kugongwa inaweza kuonekana nzima kwa nje huku tabaka la ndani limekwisha kazi. Mikanda ya mbio iliyoidhinishwa na shirikisho la kimataifa, FIA, ina lebo inayoonyesha mwaka ambao uhalali wake unaisha, kwa maana nyuzi zake huchoka kwa jua, jasho na mivutano. Mikanda ya daraja la 8853-98 huishi miaka 5 tu. Viti vya daraja la 8855-1999 navyo ni miaka 5. Muuzaji anayetoa bei nzuri mno kwa mkanda usio na lebo anauza kamba tu.

Kizimba nacho kina vipimo. Kanuni za FIA zinataka mabomba ya chuma yasiyo na mshono, yenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au kipenyo cha 50 na unene wa 2, kwa upinde mkuu ulio nyuma ya dereva. Nguzo nyingine zinaweza kuwa za milimita 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2. Mafundi wa Katwe na Ndeeba wanajua kuchomelea, na wengi wao ni hodari. Lakini hata fundi hodari hawezi kuligeuza bomba la maji kuwa bomba la kizimba. Mwenye gari aulize bomba limetoka wapi, apime mwenyewe unene kabla halijakatwa, kisha amwite mkaguzi kutoka katika klabu yake alitazame kabla halijapakwa rangi. Rangi huficha mengi.

Breki na matairi

Nguvu ya mwendo wa gari haipandi sambamba na kasi. Inapanda kwa kipeo cha pili. Gari linalokwenda kilomita 120 kwa saa halina nguvu mara moja na nusu ya lile linalokwenda 80. Lina zaidi ya mara mbili, yaani mara 2.25. Nguvu yote hiyo dereva anapokanyaga breki hugeuka kuwa joto katika diski, brekipedi na mafuta ya breki.

Mafuta hayo ndiyo kitu cha bei nafuu kinachopuuzwa kuliko vyote. Aina ya DOT 4, ambayo hupatikana karibu kila duka la spea, inatakiwa isichemke chini ya nyuzi joto 230 ikiwa mpya. Lakini mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewa polepole, na yakishakunywa maji ya kutosha, kiwango kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 155. Katika mji ulio kando ya Ziwa Victoria, unyevu haukosekani. Yakichemka, hutoa mvuke, na mvuke hubonyezwa kirahisi. Dereva hukanyaga pedali ikazama hadi chini na gari lisisimame. Chupa mbili za mafuta mapya na saa moja ya fundi huondoa hatari hiyo. Ni vigumu kupata matumizi yenye faida kubwa kuliko hayo kwa bei hiyo.

Baada ya mafuta ni brekipedi zinazohimili joto, mipira ya breki iliyo mizima, kisha matairi. Kwenye njia za udongo mwekundu za Uganda ya kati, mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba hugeuza uwanja ukawa kama umepakwa sabuni. Gari lenye nguvu farasi 300 juu ya matairi yaliyokwisha ni polepole kuliko lenye 150 juu ya matairi yanayoshika, na ni hatari zaidi. Shokapu na bushi nazo ziko katika fungu hili, kwa maana tairi lisilogusa ardhi halishiki kitu.

Dereva akishamaliza fungu hili, mara nyingi hugundua kuwa gari lake limekuwa na kasi zaidi bila injini kuguswa. Anaweza kuchelewa kukanyaga breki, na anaweza kuingia kona akijua gari litaitika.

Saa za usukani

Historia ya mbio za magari za Afrika Mashariki ina ushahidi mzuri kuhusu thamani ya uzoefu. Mbio zilizokuja kuitwa East African Safari zilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika bila kujali mipaka iliyochorwa kwenye ramani. Viwanda vya Ulaya vilileta magari mapya, mafundi wengi na madereva wenye majina makubwa. Hata hivyo, hadi mwaka 1971 hakuna dereva aliyetoka nje ya Afrika Mashariki aliyeshinda. Hannu Mikkola wa Finland alikuwa wa kwanza, mwaka 1972, akiwa na Ford Escort.

Wageni walikuwa na magari ya kisasa. Wenyeji walikuwa na kitu ambacho hakiuzwi dukani. Walijua tope la rangi gani lina kina, daraja gani husombwa na mvua, na ni wakati gani wa kupunguza mwendo ili gari lifike. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyomaliza mbio, mengine yote yakibaki njiani.

Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi wa magari wa Kenya, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant wakitumia Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika katika mbio za awali. Ilikuwa, kwa lugha ya sokoni, mtumba. Aliongeza ushindi mwingine mwaka 1974 na 1976. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye alihamia Kenya wakati Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, alishinda mara tano: 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Ule wa kwanza ni wa kukumbukwa. Yeye na Harry Källström wa Sweden walifungana kwa pointi za adhabu, na ushindi ukapewa Mehta kwa sababu alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza.

Uganda yenyewe ina mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2011 Susan Muwonge alitwaa ubingwa wa taifa wa mbio za magari, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo. Ubingwa wa msimu mzima haupatikani kwa mwendo wa kasi wa siku moja. Unahitaji kumaliza mashindano, moja baada ya jingine.

Uzoefu hauuzwi dukani, lakini bei unayo: mafuta ya gari, ada ya kushiriki, leseni, matairi ya mazoezi, nauli ya msaidizi, na siku isiyofunguliwa duka. Fedha za ziada zikiwekwa hapa huleta matokeo yanayopimika. Dereva aandike muda wa kila mzunguko. Kama mizunguko yake kumi inapishana kwa sekunde nane, tatizo liko kwa dereva, na hakuna turbo itakayolitibu. Ikianza kupishana kwa sekunde moja au mbili, hapo ndipo anaweza kujua kwa uhakika iwapo kifaa kipya kimesaidia au la. Kabla ya hapo anakisia tu.

Kuna njia nyingine ya bei nafuu ya kununua uzoefu, nayo ni kukaa kiti cha kushoto. Kumsomea ramani dereva mzoefu kwa msimu mmoja hufundisha mengi kuhusu mwendo, mapumziko ya gari na maamuzi, huku gharama kubwa ikibebwa na mwingine. Kujitolea kuwa msimamizi wa njia katika mashindano ya klabu nako hufungua macho. Anayesimama pembeni ya kona moja siku nzima huona magari 40 yakiingia kwa namna 40, na huona ni yapi yanatoka salama.

Jambo moja halina mjadala. Saa za usukani hazinunuliwi kwenye barabara ya umma. Barabara ya kulipia ya Kampala hadi Entebbe ina kikomo cha kilomita 100 kwa saa, na watu walio humo wanakwenda uwanja wa ndege, kazini au msibani. Mashindano yana madaktari, wasimamizi na njia iliyofungwa. Barabara kuu haina hata kimoja.

Na injini je?

Nguvu si dhambi. Inakuja mwisho kwa sababu haiji peke yake. Turbo kubwa hutaka mafuta mengi zaidi, hivyo pampu na nozeli hubadilishwa. Joto huongezeka, hivyo rejeta hubadilishwa. Klachi iliyokuwa inatosha huanza kuteleza, na baada yake ni giaboksi, kisha ekseli. Kompyuta ya injini nayo lazima ipangwe upya na mtu anayejua, la sivyo pistoni hutoboka. Mwenye gari aliyedhani amenunua kifaa kimoja hujikuta amefungua akaunti ya madeni kwa fundi.

Kuna suala la mwinuko pia. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 10. Injini isiyo na turbo hupoteza kiasi kama hicho cha nguvu, bila kosa la fundi yeyote. Dereva aliyelinganisha gari lake na takwimu za kiwanda asiharakishe kulaumu injini. Kwanza abadilishe plagi, chujio la hewa, mafuta na mikanda, apime mgandamizo wa silinda, kisha aone. Injini nzima iliyotunzwa hupita injini kubwa iliyochoka, hasa katika mzunguko wa mwisho.

Kununua ng'ambo ya mpaka

Mfanyabiashara wa mipakani ana faida ambayo dereva wa kawaida hana. Anajua bei za Nairobi, Dar es Salaam na Dubai, na ana watu wa kumkagulia mzigo. Spea nyingi za injini na bodi hupatikana Kampala kwenyewe, katika eneo la Kisekka, na kwa vitu hivyo safari haihitajiki. Vifaa vya kinga ndivyo vinavyoweza kulazimu kuagiza.

Hapo tahadhari tatu zinahitajika. Kwanza, cheti rahisi cha asili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kinachomrahisishia mchuuzi mwenye mzigo usiozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kofia iliyotengenezwa Italia haigeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki kwa sababu imenunuliwa Nairobi. Kwenye hesabu, ushuru uwekwe kabla ya bei kusifiwa kuwa nafuu.

Pili, anayefikiria kutumia fedha zake kununua gari jingine aangalie umri. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza magari yaliyotimiza miaka 15 tangu yatengenezwe. Kenya ina kikomo cha miaka 8. Subaru na Mitsubishi nyingi zilizojenga jina katika mbio ni za miaka ya 1990, hivyo soko lake ni yale yaliyokwisha kuwa ndani ya nchi. Bodi nzima isiyo na kutu, yenye hati safi, inaweza kuwa mali yenye thamani kuliko injini iliyomo.

Tatu, anayepeleka gari lake kushindana nchi jirani apange karatasi mapema. Gari likivuka Busia au Malaba likiwa juu ya lori, bila taa zote na bila kiti cha nyuma, afisa wa forodha atauliza maswali. Utaratibu upo wa kuingiza gari kwa muda na kulirudisha, lakini unataka nyaraka, orodha ya spea zilizobebwa, na barua ya waandaaji. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hata Tanzania inaitambua, hulipia madhara kwa watu wengine barabarani. Isichukuliwe kuwa ni bima ya mashindano.

Mgawanyo wa mfano

Tuseme dereva ana shilingi milioni 10 za Uganda, zilizopita kipimo cha Jumatatu. Gari lake linatembea, lina kizimba kilichokaguliwa, lakini kofia ni ya zamani na mikanda imepitwa na muda. Mgawanyo wenye busara unaweza kuwa milioni 4 kwa kofia, HANS na mikanda. Milioni 2 kwa breki, mafuta yake na matairi. Milioni 3 kwa ada, mafuta ya gari na siku za mazoezi. Na milioni 1 ikae bila kuguswa ikingojea siku gari litakapogonga jiwe. Fungu la injini ni sifuri.

Kama bei zimepanda na milioni 4 hazitoshi, fungu la kwanza lisipunguzwe. Lichukue kutoka la tatu, na dereva ashiriki mashindano machache mwaka huo. Asiye na kizimba kabisa anaweza kulazimika kutumia karibu fedha zote hapo na kukaa nje msimu mmoja. Ni vigumu kukubali, hasa marafiki wanapotuma picha kutoka uwanjani, lakini gari lisilo na kizimba haliko tayari kwa mbio hata likiwa na turbo tatu.

Mwenye vifaa vyote vya kinga vilivyo ndani ya muda wake ana hesabu nyepesi zaidi. Nusu ya fedha aiweke kwenye saa za usukani, robo kwenye matairi na breki, na robo kwenye akiba. Mwaka unaofuata, baada ya kumaliza mashindano yote aliyoanza na daftari la muda kuonyesha hivyo, ndipo azungumze na fundi kuhusu injini.

Kuna sababu ya kibiashara pia ya kufuata mpangilio huu. Turbo hufungwa kwenye gari moja, na gari likiuzwa, mnunuzi hukataa kulipia nusu ya gharama yake. HANS na kofia iliyo ndani ya muda wake huhamia gari linalofuata pamoja na mwenyewe. Ujuzi nao huvuka naye Malaba, Mutukula na Katuna, na hakuna mpaka ambako hutozwa ushuru.

Kwa anayeanza, hatua ya kwanza haihitaji fedha nyingi. Ajiunge na klabu mojawapo iliyo chini ya Shirikisho la Klabu za Mbio za Magari Uganda, FMU, aombe orodha ya vifaa vinavyodaiwa kwa daraja la gari lake, na amwombe mkaguzi alitazame gari kabla hajalipa senti kwa muuzaji yeyote. Orodha hiyo ndiyo iende dukani. Fundi aisome pia, kabla hajaanza kuzungumzia turbo.